Nimeuza rupia ya Mjerumani mtandaoni, mteja anataka kuirudisha. Nikubali?

SWALI: "Habari mtaalamu. Mimi ni dada naishi Uyole, Mbeya. Babu yetu wa Tukuyu alifariki akaacha kopo la sarafu za zamani, kuna rupia na heller, yaani sarafu za enzi za Mjerumani, na zile za tundu za East Africa. Familia tulikubaliana niziuze, naziposti Facebook, Insta na status ya WhatsApp. Majuzi nimemuuzia kaka mmoja wa Dar rupia ya 1905, nikaituma kwa basi, siku ya tisa ananiambia imesafishwa, anataka hela yake. Ni kweli mjomba aliisugua na ndimu na majivu ili ing'ae kabla sijapiga picha, ila sarafu ni ya kweli kabisa. Kwenye posti niliandika 'safi kabisa kama mpya, mali ikiuzwa hairudishwi'. Wenzangu wananiambia nikikubali huyu mmoja kila mtu atarudisha, na tena anaweza kunibadilishia aniletee mbovu. Halafu nina kaka yangu Ujerumani anataka kuniuzia zilizobaki eBay. Huko nako tuandike hairudishwi?"

JIBU: Pole dada yangu, na poleni kwa kufiwa na babu. Naona swali lako lina mambo mawili yamechanganyika, la huyu kaka wa Dar na la biashara nzima kuanzia sasa. Kwa huyu kaka nakushauri urudishe hela, akishakurudishia sarafu na ukaikagua. Kwa biashara nzima nakushauri ukubali kurudishiwa, ila kwa masharti yako uliyoyaandika mwenyewe kabla mtu hajalipa. Ngoja nieleze kwa nini, maana najua wenzako wanaokwambia usikubali wanakuonea huruma na hofu yao sio ya bure.

Tuanze na hiyo ndimu. Watu wengi huku kwetu, Tukuyu, Iringa, Njombe kote, wakikuta sarafu nyeusi kwenye sanduku la mzee kitu cha kwanza ni kuisugua, na nia ni njema tu wanaona wanaiongezea thamani. Kwa mkusanyaji wa sarafu ni kinyume kabisa. Sarafu inapogongwa kiwandani madini yake yanasukumwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni na yanaacha vistari vidogo sana ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja, ila ukiigeuzageuza sarafu kwenye mwanga unaona mng'ao unazunguka juu yake kama unatembea, huo ndio mng'ao wa asili na ukishaondoka haurudi, hakuna fundi wa kuurudisha. Rupia ya 1905 ni madini ya fedha (silva) asilimia 91.7, kilichobaki ni shaba. Weusi unaoishika kwa miaka mingi ni utando mwembamba juu ya fedha, wakusanyaji wengi wanaupenda na wanaulipia. Majivu yana chembe ngumu, yanakwaruza, na ndimu ni asidi. Kwa hiyo mjomba aliondoa utando, akaondoa na vile vistari, akaacha mikwaruzo yake. Sarafu inang'aa ndiyo, ila inang'aa kama sufuria lililosuguliwa.

Chukua rupia nyingine yoyote ambayo haijaguswa, au hata shilingi ya zamani, uiweke pembeni ya iliyosuguliwa, zima taa, washa tochi ya simu ukiimulika kwa ubavu sio kwa juu. Angalia sehemu tupu ya nyuma ya shingo ya Kaiser, yule mfalme wa Ujerumani aliye kwenye sarafu, pale pasipo na maandishi. Kwenye ile iliyosuguliwa utaona mikwaruzo laini mingi imelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Heller za shaba zinaumbuka haraka zaidi, ukitia ndimu zinatoka na rangi fulani ya waridi ambayo sarafu ya miaka mia na zaidi haiwezi kuwa nayo.

Sasa picha ya simu haionyeshi hayo. Flashi inapiga moja kwa moja mbele, mikwaruzo inafutika, sarafu inatoka inameremeta vizuri. Huyo kaka alinunua kitu ambacho hakuweza kukiona mpaka alipokishika mkononi akakigeuza. Hapa ndipo sarafu inapotofautiana na viatu au kitenge, kwamba sehemu kubwa ya bei yake iko kwenye hali ya uso wake, na uso huo hauonekani vizuri mtandaoni. Wale wanaopima sarafu kitaalamu wana kipimo cha 1 mpaka 70, na kampuni kubwa za Marekani kama PCGS na NGC zikikuta sarafu imesafishwa vibaya haziipi namba ya kawaida kabisa, zinaandika tu kwamba ni ya kweli lakini ina dosari, na bei inashuka hapohapo.

Kwa hiyo ukimjibu "lakini ni orijino" hujamjibu. Hajasema ni feki. Anasema sio ile uliyoielezea, na dada yangu, kwa maelezo yako mwenyewe ana haki. Uliandika safi kabisa kama mpya. Nakuelewa hukujua, na sikulaumu hata kidogo, ila mnunuzi alilipa kwa maneno hayo.

Na hilo tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi". Liko kwenye kila risiti kuanzia Mwanjelwa mpaka Kariakoo mpaka tumeamini ni sheria. Linaweza kukusaidia mtu akibadilisha mawazo tu, labda kapata nyingine bei rahisi au mke kamgombeza. Halikusaidii pale kitu kinapokuwa tofauti na ulivyokielezea. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda anayenunua mtandaoni. Hata hizo siku tisa huwezi kujificha nyuma yake kwa sababu hukumpa siku zozote, ulimwambia hairudishwi basi.

Niseme la pili ambalo ni la kibiashara. Mtu anayejua sarafu, yule mwenye hela ya kununua rupia nzuri kwa bei nzuri, akiona hairudishwi anapita. Anajiuliza unaficha nini. Wanaobaki ni wawili, wanaotaka kwa bei ya kutupa na wale wasiojua wananunua nini, na hawa wa mwisho ndio wasumbufu kuliko wote. Huku kwetu unawajua, watakupigia wakuulize kama rupia yako inavuta mchele, kama ina zebaki, kama ndiyo ile wanayoitafuta matajiri kwa mamilioni. Fedha haivuti mchele, shaba haivuti mchele, na hayo yote ni utapeli unaomaliza hela za watu wa nyanda za juu kila mwaka pamoja na hadithi za mali za Mjerumani zilizofukiwa. Kwenye kila posti yako andika wazi kwamba unauza sarafu ya kumbukumbu kwa wakusanyaji na haina matumizi mengine yoyote. Sentensi hiyo peke yake itakupunguzia nusu ya kesi za kurudishiwa.

Haya, hofu ya kubadilishiwa. Hii ni ya kweli na siipuuzi, maana rupia mbili za 1905 zinafanana, mtu anaweza kununua yako nzuri akakurudishia yake iliyochakaa akasema ndiyo ileile. Kinga yake ni kuijua sarafu yako vizuri kuliko yeye, kukataa kurudishiwa hakukukingi na kitu. Kabla hujaituma ipige picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani asubuhi, bila flashi, simu ikiwa imetulia juu ya vitabu, halafu tafuta alama zake. Kila sarafu iliyopita mikononi ina kovu lake, labda kijidonda juu ya tai wa kwenye kofia ya Kaiser, labda mkwaruzo kwenye herufi ya mwisho ya RUPIE, labda ukingo umebonyea kidogo mahali fulani. Piga picha za karibu za hayo makovu, mawili matatu yanatosha, na picha moja ya ukingo. Angalia na ile herufi ndogo ya kiwanda, A ni Berlin na J ni Hamburg, maana ya 1905 zipo zote mbili na mtu akikurudishia J wakati ulituma A mjadala umeisha. Kisha ipime. Rupia ikitoka kiwandani ilikuwa na gramu 11.66, iliyotumika sana inapungua kidogo, mizani ya sonara inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Andika uzito huo kwenye posti. Sarafu haiwezi kuongezeka wala kupungua kati ya Mbeya na Dar.

Halafu namna ya kufunga. Iweke kwenye kikapsuli kigumu cha plastiki, ukikosa tumia bahasha ndogo ya karatasi, ila usitumie vile vifuko laini vya PVC kwa muda mrefu vinatoa ukijani unaokula sarafu. Bandika stika inayochanika ikifunguliwa, saini juu yake, na uandike kwenye masharti kwamba stika ikichanika kurudisha kwa kubadili mawazo hakuna. Mkusanyaji anaweza kuiangalia vizuri bila kuitoa ndani ya kapsuli. Rekodi video ukiwa unafunga, moja isiyokatwa, inayoonyesha sarafu, mizani, stika na jina kwenye boksi, na mwombe mteja naye arekodi akiwa anafungua. Wengi wanakubali, maana inamlinda na yeye mzigo ukifunguliwa njiani.

Masharti yenyewe yawe mafupi, mtu ayasome kwenye simu. Mimi ningeandika hivi: unaweza kurudisha ndani ya siku 7 tangu ulipochukua mzigo ofisi ya basi, sarafu iwe kwenye kapsuli yake na stika yake, ukibadili mawazo nauli ya kwenda na kurudi ni yako, nikikosea mimi maelezo nauli zote ni zangu hata kama stika imefunguliwa, hela narudisha baada ya kuipokea na kuikagua. Siku 7 zinamtosha mtu wa Dar au Arusha, wa nje ya nchi mpe 14 kuanzia siku anayoipokea. Usiweke mwezi mzima kwa mauzo ya ndani, sarafu inakaa mikononi mwa mtu muda mrefu mno na mwingine ataisafisha humohumo.

Na hela ya mteja usiiguse mpaka siku za kurudisha zipite. Hapa wauzaji wadogo wengi wanaumia, mteja halali anarudisha mzigo na muuzaji ameshanunua mbolea. Iache kwenye simu au benki. Ukirudisha irudishe kwenye namba ileile iliyolipa, isiwe "nitumie kwa namba ya shemeji", na kabla hujatuma hakikisha mteja hajaomba mtandao wa simu urudishe muamala wake wa mwanzo, usije ukalipa mara mbili. Angalia salio lako mwenyewe, usiamini meseji peke yake.

Kuna sarafu ambazo mimi nisingekubali kurudishiwa kwa kubadili mawazo, nikuambie ukweli. Zile senti kumi za tundu za East Africa na heller za kawaida zilizochakaa, ukiuza kwa elfu tano au kumi nauli ya basi inakula faida yote, ziuze kwa fungu uandike zilivyo na kwamba kubadili mawazo hakuna. Kama kuna moja kwenye fungu umeielezea vibaya rudisha sehemu ya hela tu, muachie na sarafu. Shilingi za East Africa za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, kuna watu wanadhani ni fedha tupu kisha wanataka kurudisha, kwa hiyo andika robo wazi. Faida za kukataa kabisa zipo, unalala bila wasiwasi na hela umeshakula, ila kwa rupia nzuri bei utakayokosa ni kubwa kuliko nauli utakayolipa mara mojamoja. Na kwamba ukikubali mmoja wote watarudisha, sijaona ikitokea kwa muuzaji anayeeleza vizuri. Wanaorudishiwa sana ni wanaoandika "kama mpya" kwenye kila kitu.

Upande wa kaka yako Ujerumani. eBay hata ukiandika hairudishwi, mnunuzi aliyepokea kitu tofauti na maelezo ana siku 30 za kulalamika na atarudishiwa hela, utake usitake. Zaidi ya hapo, sheria za Umoja wa Ulaya zinampa mnunuzi wa kawaida siku 14 za kurudisha bila hata kutoa sababu anaponunua mtandaoni kwa mfanyabiashara. Anayeuza vyake binafsi nyumbani hana hilo sharti, lakini kaka yako akianza kuuza kopo zima kidogokidogo kila wiki anaweza kuhesabiwa mfanyabiashara, hilo aulize hukohuko kabla ya kuanza. Nafikiri aweke siku 14 mwenyewe. Wajerumani ndio wanunuzi wazuri sana wa sarafu hizi na wanazijua kuliko sisi, ukiandika "imesafishwa" kwa uwazi bado watanunua kwa bei yake na hawatarudisha, kwa sababu walijua.

Sarafu haziruhusiwi kwenda nje kama barua ya kawaida, nenda posta uulize rejesta na bima. Ikirudi kutoka nje iandikwe kwenye fomu kwamba ni bidhaa inayorudishwa, lasivyo forodha wanaweza kuihesabu kama umenunua. Na jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito. Ulichorithi kwenye kopo la babu ni chako, lakini kama kwenye familia kuna kitu kilichofukuliwa ardhini, eneo la boma la zamani au makaburi, tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na kukitoa nje bila kibali ni kosa. Kabla ya kutuma chochote ongea na Idara ya Mambo ya Kale, ukiwa Iringa unaweza kuanzia hata pale makumbusho ya Iringa Boma watakuelekeza. Mnunuzi wa nje akija kukurudishia kitu kilichotoka bila kibali, usumbufu wake ni mkubwa kuliko hela.

Wakati gani usihangaike na maandishi yangu uende kwa mtu ana kwa ana? Kwanza kama ndani ya kopo mna sarafu ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Hiyo usiposti kabisa kwanza. Nakala feki zake ni nyingi sana, ya kweli ina kama gramu 7.17 na dhahabu yake ni robo tatu, mpelekee sonara unayemwamini aipime uzito tu na mwambie mapema asiisugue kwenye jiwe wala asitie tone la asidi, akiweka alama moja amekula hela yako. Baada ya hapo itafutie mtaalamu wa sarafu aishike mkononi kabla ya bei. Pili kama mteja anatishia kukushtaki au hela ni nyingi, muone wakili au msaidizi wa kisheria hapo Mbeya mjini ukiwa na screenshot zako zote, kusoma sheria mwenyewe mtandaoni hakutoshi. Tatu kama mzigo ukirudi unakuta sarafu sio yako.

Sasa mwandikie huyu kaka leo, usimuache na hasira. Kitu kama: "Kaka samahani, nimeuliza mtaalamu, ni kweli iliguswa na sikujua kama ni dosari. Una njia mbili, uirudishe nikurudishie hela yote na nauli zote mbili, au ubaki nayo nikurudishie sehemu ya hela tukubaliane." Wengi wanachagua kubaki nayo, hasa rupia ya 1905. Akichagua kurudisha mwambie akutumie picha ya mzigo na risiti ya basi. Kwa bahati mbaya hukuipima mwanzo, lakini una picha za posti, zikuze ulinganishe makovu kabla ya kutuma shilingi yoyote. Ikiwa sio yako iache kwenye bahasha yake, usiishike zaidi, usirudishe hela, mwandikie kwa heshima umwonyeshe picha mbili pembeni kwa pembeni, na asipoeleweka peleka kila kitu polisi. Ikiwa ni yako rudisha hela siku hiyohiyo, kisha iposti upya kwa bei ya chini na uandike imesafishwa. Na mjomba mwambie zilizobaki aziache na weusi wake.